Kuwasha Upya si Kuponya

Jambo dogo la nyumbani laweza kubeba swali kubwa la maadili, kama punje ya mtama ibebavyo shina na suke lake. Katika nyumba nyingi za siku hizi, kando ya televisheni au juu ya kabati, hukaa kisanduku chenye taa ndogo ndogo kiitwacho ruta. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka kwa kampuni iuzayo huduma hiyo na kuigawa kwa simu, kompyuta na vyombo vingine vya nyumbani. Kisanduku hiki hakilali. Hukesha mchana na usiku, juma baada ya juma, wala hapana mtu akikumbukaye ila siku kinapolegea. Siku hiyo husikika amri moja katika kila nyumba: "Kizime, kisha ukiwashe." Kikazimwa, kikawashwa, na mara nyingi kikafanya kazi kana kwamba hakikupata kuugua.

Kwa kuwa dawa hii hutumika sana, waundaji wa baadhi ya ruta wametia katika mipangilio yake njia ya kuifanya ijitoe yenyewe. Mwenye nyumba huchagua siku na saa, aghalabu usiku wa manane au karibu na alfajiri, na kifaa hujizima na kujiwasha bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Asubuhi watu huamka wakakuta kila kitu ni kizima, na hapana ajuaye kama usiku palikuwa na ugonjwa au hapakuwa. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Je, ni haki na busara kuuondoa ubovu kila usiku bila ya kuujua? Wako wasemao kwamba kifaa ni kifaa, na kilichopona kimepona. Wako pia wasemao kwamba tiba isiyouliza jina la ugonjwa ni uvivu uliovaa kanzu ya uganga. Pande zote mbili zina hoja, na kila moja yastahili kusikilizwa kabla ya hukumu.

Hukumu ya haki huanza katika kulijua jambo lenyewe. Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu iliyoandikwa katika hifadhi ya kudumu, ambayo haifutiki umeme ukikatika, na ina kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara moja. Simu ya mtoto inapoomba picha na kompyuta ya mzazi inapoomba barua, ruta huandika katika daftari lililo ndani ya kumbukumbu hiyo ya muda ombi lipi ni la nani, ili jibu lijapo limfikie mwenyewe. Daftari hilo lina mwisho. Programu iliyoandikwa vema hufuta mistari ya maombi yaliyokwisha na kuirudisha nafasi. Programu yenye kasoro husahau kurudisha. Leo husahau kidogo, kesho kidogo. Hasara ya siku moja haionekani, lakini hasara ya miezi miwili hulijaza daftari lote, na maombi mapya yakakosa pa kuandikwa. Mafundi wa kompyuta huiita hali hiyo kuvuja kwa kumbukumbu.

Kuzima na kuwasha hulifuta daftari lote kwa mara moja. Programu husomwa upya kutoka mwanzo, na kifaa huamka na wepesi wa siku ya kwanza. Lakini kasoro haikuguswa, kwa kuwa makao yake ni katika programu yenyewe, ndani ya hifadhi isiyofutika. Kuwasha upya humfutia mkopaji deni. Hakumwachishi tabia ya kukopa. Wala si kila ugonjwa wa intaneti ni wa namna hii. Waya ulioharibika, ukuta mnene uzuiao mawimbi, na laini ya kampuni iliyosongwa na wateja wengi wakati wa jioni, havipati nafuu yoyote kwa ruta kuzimwa. Mtu azimaye ruta kwa ajili ya mambo hayo ni kama mtu anywaye dawa ya tumbo kwa jino linalouma.

Waswahili wana methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ratiba ya kuwasha upya ni methali hiyo iliyotiwa ndani ya mashine. Haiulizi nani aliyekosea wala lini. Yafuta, kisha yaanza tena. Na Waswahili hao hao wana methali nyingine isemayo, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Mtu akizisikiliza kwa haraka ataona kuwa zagombana, kwa kuwa ya kwanza yaruhusu kusahau na ya pili yakataza kuficha. Swali la ruta ni swali la methali hizi mbili: ni lini kusahau ni hekima, na ni lini kusahau ni maficho?

Watetezi wa ratiba wana mashahidi wenye heshima. Mwaka 1995 wataalamu wanne, Huang, Kintala, Kolettis na Fulton, waliokuwa na uhusiano na AT&T Bell Laboratories ya Marekani, walitoa makala wakionyesha kwamba programu iendeshwayo muda mrefu huzeeka, na kwamba kuisimamisha kwa wakati uliopangwa na kuianzisha tena huirudishia ujana wake. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: kusimama kidogo katika saa iliyochaguliwa hugharimu haba kuliko kuanguka ghafla katika saa isiyotazamiwa. Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Chuo Kikuu cha Stanford walikwenda mbele zaidi. Walisema kwamba programu yafaa iundwe tangu awali hivi kwamba kuanguka ndiko kukoma kwake, na kuinuka baada ya kuanguka ndiko kuanza kwake. Msingi wa fikira hiyo ni unyenyekevu. Hapana programu kubwa isiyo na kasoro, na ajuaye kuinuka yuko salama kuliko aringaye kuwa haanguki.

Maumbile nayo yanaonekana kuitetea ratiba. Mwanadamu hulala bila ya kungoja kuzirai. Shamba huachwa mwaka mmoja likapumzika. Jahazi hupandishwa pwani baada ya safari, wala nahodha hangoji lizame ndipo alipumzishe. Mtu akiuliza kwa nini chombo cha umeme kinyimwe haki waliyopewa mtu, ardhi na jahazi, si rahisi kumjibu.

Lakini katika mfano wa jahazi mna funzo ambalo watetezi hulipita haraka. Jahazi lipandishwapo pwani, mafundi huikwangua mimea na chaza zilizoganda, hugonga ubao mmoja mmoja wakisikiliza mlio wake, hutazama kalafati ilipolegea, kisha ndipo wakalipaka shahamu. Pumziko la chombo ni wakati wa ukaguzi wake. Jahazi lililopandishwa jioni na kushushwa alfajiri bila ya mtu kulitazama lingekuwa limepumzika kweli, lakini lingerudi baharini na tundu lile lile. Basi kupumzisha ni jambo moja na kukagua ni jambo la pili, na aliyefanya la kwanza asijisifu kuwa amefanya yote mawili.

Uzito wa jambo hili hauonekani vema nyumbani, ambako hasara ni filamu iliyokatika katikati. Waonekana pale ambapo kuwasha upya kulikuwa na maana ya uhai. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, mtambo wa Marekani wa makombora ya Patriot ulikuwa ukilinda mji wa Dhahran katika Saudi Arabia. Programu ya mtambo huo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na katika kuzigeuza hesabu hizo ilipoteza chembe ndogo mno kila mara. Kadiri mtambo ulivyokaa bila ya kuzimwa ndivyo kosa lilivyokua. Tarehe 25 Februari mtambo ulikuwa umefanya kazi zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa lilikuwa limefikia kama theluthi ya sekunde. Kwa mwendo wa kombora la adui, muda huo ni umbali wa zaidi ya mita 500. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu, na kombora likaanguka juu ya makazi ya askari. Wamarekani 28 walikufa.

Ubaya wa kisa hiki ni kwamba kosa lilikuwa limekwisha kujulikana. Tarehe 11 Februari Waisraeli walikuwa wamewapa Wamarekani habari kwamba usahihi wa mtambo ulianza kupotea baada ya saa 8 tu za kazi mfululizo. Tarehe 21 Februari watumiaji wa mtambo walipelekewa ujumbe wa kuwaonya kwamba kuuendesha muda mrefu sana kungeweza kuleta hitilafu. Ujumbe huo haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya maiti kuokotwa. Kama mtambo ungezimwa na kuwashwa mapema, hesabu ya wakati ingeanza upya na kosa lingerudi kuwa dogo. Hapa ratiba ingekuwa rehema, na mtu aliyeidharau kwa kudai kwamba dawa ya kweli ni kungoja programu mpya angekuwa na hoja safi mbele ya makaburi.

Basi haiwezekani kusema kwamba kuwasha upya ni kosa kwa asili yake. Lakini kisa hicho hicho chafundisha jambo la pili: ratiba isiyo na hesabu si ratiba. Maneno "muda mrefu sana" hayakumwokoa mtu. Linganisha na lililotokea mwaka 2015, idara ya serikali ya Marekani isimamiayo usafiri wa ndege ilipotoa amri juu ya ndege za Boeing 787. Ilikuwa imegundulika kwamba programu ya vyombo viongozavyo jenereta za ndege hizo ina kihesabu kinachofurika baada ya siku 248 za umeme usiokatwa, na kwamba kikifurika, ndege yaweza kupoteza umeme wake hata ikiwa angani. Amri ikasema umeme wa ndege uzimwe kabisa kila baada ya muda usiozidi siku 120, mpaka programu mpya ipatikane. Hiyo ni ratiba pia, lakini si sawa na ile ya mwenye nyumba aliyechagua kila Jumapili kwa sababu jirani yake alichagua Jumapili. Siku 120 zilitokana na kuijua siku ya 248. Chanzo kilitajwa, kipimo kilitolewa, na dawa ikaitwa kwa jina lake, yaani ya muda.

Mwaka 1997 palitokea mfano mwingine, mbali zaidi na dunia. Chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ndani yake mlikuwa na saa ya mlinzi, ambayo huiwasha kompyuta upya ikiona kazi muhimu haikutimia kwa wakati wake. Mlinzi huyo alikiokoa chombo mara kadhaa, na mtu mvivu angeweza kusema kwamba maadamu chombo chaamka kila kizimapo, hapana haja ya kujisumbua. Wahandisi hawakusema hivyo. Walikuwa na pacha wa chombo hicho hapa duniani. Wakamwendesha mpaka naye akaanguka kwa namna ile ile, wakasoma kumbukumbu za kazi zake, wakaona kwamba kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa imeshika kitu kilichohitajiwa na kazi kubwa, na kazi za cheo cha kati zikaizuia hiyo ndogo isimalize na kukiachia. Wakapeleka sahihisho mpaka Mirihi, na chombo kikatulia.

Katika Dhahran hapakuwa na kuwasha upya kwa wakati, na watu wakafa. Katika Mirihi palikuwa na kuwasha upya, lakini hakukuchukuliwa kuwa ndio mwisho wa kazi. Wahandisi walikutumia kama mtu atumiavyo kitambaa cha kufungia jeraha njiani: huzuia damu isimwagike mpaka majeruhi afike kwa mganga. Hapana alaumuye kitambaa. Alaumiwaye ni yule aliyefunga jeraha akavunja safari ya kwenda kwa mganga.

Sasa yafaa kutazama dhara la ratiba ambalo halionekani kwa urahisi. Ruta huandika habari za mambo yaipatayo: laini ilikatika saa ngapi, chombo gani kilikataliwa kuingia, programu gani ilianguka. Katika ruta nyingi za nyumbani habari hizo huandikwa katika kumbukumbu ile ya muda. Kifaa kikizimwa, habari zafutika pamoja na ugonjwa. Kwa hiyo aiwashaye ruta upya kila usiku hafukuzi ugonjwa peke yake, bali humfukuza na shahidi. Fundi akija mchana akauliza kilichotokea jana, hakuta kitu. Nyumba yote yasema kwamba kifaa kilikuwa kibovu, na kifaa chenyewe chasema kuwa kimezaliwa alfajiri ya leo, hakijui neno. Hakimu hawezi kuhukumu kesi ambayo ushahidi wake huchomwa kila usiku kwa nia njema.

Kuna na maradhi yanayonufaika na usahaulifu huo. Mwezi wa Mei 2018 ilitangazwa kwamba programu ovu iliyopewa jina la VPNFilter imeingia katika ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha. Wengi walitii wakadhani wamepona. Kweli ni kwamba programu hiyo ilikuwa na tabaka. Zile za juu zilikaa katika kumbukumbu ya muda, na kuzima kuliziondoa. Ya chini ilijichimbia katika hifadhi ya kudumu, na ilibaki. Kuwasha upya kulimtoa mwizi sebuleni, hakukumnyang'anya ufunguo. Kumtoa kabisa kulihitaji kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani na kukitia programu mpya. Hata hivyo, ombi lile halikuwa la bure. Wapelelezi walikuwa wameichukua anwani ambayo tabaka la chini lilikuwa likiitafuta kila kifaa kiwashwapo, hata vifaa vilivyoambukizwa vikaanza kujitaja vyenyewe mlangoni mwao. Kitendo kile kile kilichowalaza wengine katika imani ya uongo kiliwafunulia wapelelezi mahali ugonjwa ulipo, kwa sababu wao walikuwa wakitazama.

Baada ya swali la ukweli lafuata swali la haki. Kasoro ya programu haikuletwa na mwenye nyumba. Ilitoka kiwandani pamoja na kifaa, naye alikilipia kana kwamba hakina kasoro. Anapopiga simu kwa kampuni iliyomuuzia, jibu la kwanza ni kuambiwa azime na kuwasha. Jibu hilo lina manufaa yake, kwa kuwa mara nyingi husaidia, na mpokeaji simu mwenyewe ni mwajiriwa asomaye maneno aliyoandikiwa. Lakini jibu la kwanza likigeuka kuwa jibu la pekee, na la pekee likigeuka kuwa ratiba ya kila usiku, mzigo wa kosa umehama polepole kutoka kwa aliyelitenda hadi kwa aliyetendewa. Na kwa kuwa ratiba huuficha ubovu, malalamiko hupungua, na muundaji huona ukimya akadhani ni shukrani. Uvumilivu usiosema huwa mshirika wa uzembe. Uingereza imeanza kulitazama jambo hili kwa jicho la sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 muundaji wa vifaa vya nyumbani viunganishwavyo na intaneti, ruta zikiwemo, hana budi kueleza mapema muda atakaoendelea kutoa masahihisho ya usalama. Sheria hiyo haiponyi kila kasoro, lakini yaithibitisha kanuni ya insafu, kwamba wajibu wa aliyetengeneza haukomi siku ya kuuza.

Haki ina upande mwingine, nao u ndani ya nyumba yenyewe. Aliyeshika neno la siri la ruta ana mamlaka juu ya wengine, na kuchagua saa ya kuzima ni kutawala. Huambiwa, "Chagua saa ambayo hapana mtu atumiaye." Saa hiyo iko wapi? Katika nyumba ya Dar es Salaam, saa 10 alfajiri huonekana kuwa saa ya wafu. Lakini saa hiyo ni usiku wa saa 2 au saa 3 mjini Toronto, kwa kadiri ya majira ya mwaka, na binti aliye huko ametoka kazini, ameketi kusema na mama yake asiyepata usingizi. Katika mwezi wa Ramadhani saa hiyo nyumba nzima i macho kwa ajili ya daku. Mwanafunzi wa mtihani naye hana usiku. Tena kifaa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia machweo na mapambazuko kama wafanyavyo Waswahili. Aandikaye 10 akikusudia alfajiri atawakatia watu intaneti saa 4 asubuhi, kazi zikiwa zimepamba moto. Dakika mbili za kukatika si msiba. Lakini mtu kukatizwa na mwenzake bila ya kuambiwa ni dharau ndogo, na dharau ndogo ndogo ndizo zijengazo nyumba isiyo na heshima. Ratiba isemwe hadharani, na asiyekubaliana nayo asikilizwe.

Hata kuzidisha kuna adhabu yake. Kampuni nyingine zitoazo intaneti kwa waya wa simu hutumia programu inayohesabu mara laini inapokatika. Ikiona kukatika kwingi, hudhani kwamba waya ni dhaifu, ikapunguza kasi ili laini itulie. Mtu azimaye ruta mara nyingi kwa siku akitafuta kasi aweza kuipoteza kasi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Katika mambo yote ya ratiba hii, hapana lenye mafunzo kuliko moja ambalo mafundi hulijua vema. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Zikiamka hazijui ni saa ngapi mpaka ziulize katika intaneti. Watumiaji wa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, wameandikiwa tahadhari juu ya hilo. Kifaa kiamkapo hukisia wakati kwa kutazama tarehe ya faili lililoandikwa mwisho katika hifadhi yake. Kikiamriwa kujiwasha upya saa fulani, chaweza kuamka kikidhani saa hiyo bado haijafika, au ndiyo kwanza imefika, kikajizima tena, na tena, bila ya mwisho. Dawa iliyowekwa ni nyepesi. Kifaa huamriwa kingoje sekunde 70 mpaka dakika ya amri ipite, kisha kiguse faili moja ili tarehe yake iwe mpya, ndipo kijizime. Kikiamka, alama hiyo itakiambia kwamba jambo limekwisha kutendwa.

Mwenye kufikiri aweza kusimama hapo muda mrefu. Hata kusahau kwahitaji kumbukumbu moja. Asiyekumbuka kwamba alikwisha kuanza upya ataanza upya milele, na kuanza kwake kutakuwa kifungo badala ya kuwa uhuru. Watu nao wana kuwasha upya kwao. Ndugu hugombana juu ya shamba la urithi, wazee huitwa, na wazee wakichoka husema, "Yaishe." Mikono hupeanwa, chai hunywewa, na mpaka wa shamba haukupimwa. Mwaka wa pili ugomvi hurudi na maneno yale yale, na wazee wale wale husema neno lile lile. Suluhu hiyo si mbaya. Usiku ule hapana aliyeumizwa. Lakini kama hapana hata mtu mmoja aliyeandika kwamba ugomvi huu ni wa mara ya tatu, na kwamba kila mara chanzo ni mpaka, basi familia ile haisamehani, bali yazunguka.

Kwa hiyo methali mbili zilizoonekana kugombana zapatana mtu akizitazama vema. "Yaliyopita si ndwele" ni neno la kweli, lakini lahusu yaliyopita. Kinachorudi hakijapita. Kasoro iliyofutwa usiku wa jana nayo yavuja tena tangu asubuhi ya leo haimo katika yaliyopita, bali katika yajayo, na juu ya yajayo methali haikusema tusahau, imesema tugange. Kuganga ni kazi ya mwenye kuujua ugonjwa, au mwenye kuutafuta. Kwa maana hiyo methali ya kwanza haimpi ruhusa mficha maradhi, na ya pili haimkatazi mtu kupumzisha chombo chake.

Basi aliyepanga ratiba ya kuiwasha ruta yake upya hakutenda kosa, almuradi atimize masharti ambayo akili na insafu zayadai. Ajue, kwa kadiri awezavyo, ni ugonjwa gani anaoutuliza, na muda aliouchagua utokane na ujuzi huo. Ahifadhi habari za kifaa mahali pasipofutika kabla ya kuzifuta. Awaambie walio nyumbani. Amdai muundaji programu iliyosahihishwa, na ikipatikana aitie. Mwisho, aijaribu nyumba yake bila ya ratiba mara kwa mara, ili aone kama ugonjwa ungalipo, kwa sababu dawa isiyojaribiwa kuachwa hugeuka kuwa ada, na ada haiulizwi sababu. Akiyafanya hayo, kuzima kwake kutakuwa pumziko. Asipoyafanya, kutakuwa pazia. Na nyuma ya pazia tundu laendelea kupanuka kwa utulivu, likingoja usiku ambao kuwasha hakutasaidia tena.